Uwanja Usiolowa

Tukuyu mvua haibishi hodi.
Inashuka Rungwe asubuhi,
inakunywa chai nasi saa nne,
jioni inauliza kama kuna kitanda.
Uwanja wa shule ya msingi umekuwa bwawa,
magoli mawili yamesimama katikati ya maji
kama watu waliosahau walichofuata.

Uwanja wetu haulowi.
Una upana wa meza ya kukatia vitambaa
pale kwangu, nyuma ya cherehani,
na leo, Jumamosi ya pili ya Aprili,
nimeufuta chaki, nimeokota pini,
nimekipiga pasi hata kile kitambaa cha kijani.

Wanakuja. Subilaga kutoka Kiwira,
mwavuli umepinduka, soksi zinavuja,
ila kadi zake kazifunga mifuko mitatu ya nailoni.
Mwalimu Ambakisye na dadu zake mwenyewe.
Hazina ujanja, tulizipima kwenye mizani
ya shemeji yake anayenunua dhahabu Chunya.
Ipyana wa Kyela, gunia la mchele begani:
ndiyo kiingilio changu, anasema, na ndilo kombe.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona besiboli.
Kisanduku aliacha mwalimu wa kujitolea,
akaondoka kabla hajatueleza awamu ya saba.
Hiyo tuliimalizia wenyewe.
Hatujui gongo lina uzito gani mkononi,
wala vumbi la kituo lina harufu gani.
Tunajua hili: sita kwa sita, mpira umevuka Songwe,
nenda kautafute Malawi.

Mume wangu huuliza, mnacheza nini hasa,
mbona hamkimbii?

Sijui nimjibu vipi.
Mwaka mzima nashona sare za shule.
Sindano huenda ninakoipeleka,
marinda kumi na mawili, yote sawa,
mtoto mnene, mtoto mwembamba, futi haidanganyi.
Dadu huikunja ngumi, nikaipulizia,
nikaiachia,
na kwa pumzi moja sina mamlaka juu ya kitu chochote.
Hicho ndicho ninachokifuata.

Zile kadi za wageni zilichakaa mwaka wa tatu.
Tukakata maboksi ya sabuni, tukaandika zetu:
Bupe wa duka la dawa, mrushaji, mkono wa kushoto.
Katekista wa Masoko, ana nguvu, haibi kituo.
Na kaka yangu Lusajo, aliyetutoka mwaka ule wa maporomoko.
Kadi yake tuliibishania wiki mbili.
Mbio: nilitaka tano.
Mwalimu akasema taratibu, Tumpe,
alikuwa anachechemea.
Kweli, alikuwa anachechemea.
Tukaandika nne.

Fainali. Awamu ya tisa. Bati linanguruma
mpaka tunahesabu kwa vidole.
Lusajo wangu yuko kituo cha pili,
Katekista anapiga, mpira unabingirika kulia,
na mimi, ambaye ningeweza kumzuia,
nasema: nyumbani.
Nne au pungufu, anafika.

Dadu ikagonga mkasi,
ikazunguka kwa kona moja kama inayotafuta pa kukaa.
Tano.

Mwalimu Ambakisye aliangalia dirisha.
Hakuniomba radhi, na ningemchukia kama angeniomba.
Nikachukua daftari, nikaandika kwa kalamu ya wino:
Lusajo, ametoka.
Mara ya kumi na saba, nafikiri.
Kila mara anakimbia vilevile, bega la kulia likishuka,
kila mara namwona.

Ipyana kashinda mchele wake mwenyewe,
anacheka, anatuchotea kila mtu kilo mbili.
Subilaga anataka Agosti tukutane Kiwira,
kwake kuna meza ndefu zaidi.

Mume wangu yuko mlangoni na birika,
chai inapoa, hamimini.
Lakini, anasema,
kwa nini asingebaki tu kituo cha pili?